Upande wa Nne

Gichana Masese alikuwa na ushuhuda mmoja tu maishani, na aliutumia mpaka ukachakaa. Kila Agosti, makambi ya Waadventista yakifika, mahema yakishasimama na uji ukishagawanywa, Mzee Mosoti angesimama mbele ya watu, ageuze ile shingo yake ndefu huku na huku utadhani hajui anamtafuta nani, halafu aseme, "Ndugu Gichana yuko? Hebu njoo utusimulie ule moto." Na Gichana, fundi wa redio wa Suna hapa Migori, mtu mfupi mwenye mikono misafi kuliko ya daktari, angeinuka polepole, akohoe kidogo, aanze.

Angeeleza jinsi mwaka wa sabini na nane, akiwa kijana aliyepotelea dansini, alivyoitikia mwito wa mchungaji siku ile ile ya ubatizo wake, akatupa motoni kitu alichokipenda kuliko vyote duniani. Kitu chenyewe kiliitwa Moto wa Asego, santuri mbili ndani ya jalada moja, za bendi ya roki ya Homa Bay iliyojiita Asego Thunder. Angeeleza lile jalada lilivyojikunja, mlima wa Asego uliochorwa juu yake ukageuka majivu, santuri zikayeyuka zikilia, moshi mweusi ukapaa. Watu wangeitikia amina. Kina mama wangefuta macho kwa pindo za leso. Wengine walikuwa wameusikia mara kumi na nane na bado walilia, si mchezo.

Shida ni moja tu. Haikuwa kweli.

Tusimwonee mtu wa watu. Nusu yake ilikuwa kweli. Moto ulikuwepo, mchungaji alikuwepo, na jalada liliungua mbele ya macho ya watu mia mbili. Lakini zilizokuwa ndani ya jalada siku hiyo ni santuri mbili za kujifunzia Kiingereza, ambazo Gichana alizinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa akihama. Hizo ndizo zilizolia zikiyeyuka. Na tangu siku hiyo Kiingereza chake hakikusonga mbele hata hatua moja.

Santuri zenyewe, zile za Thunder, zilikuwa zimelala kwenye karatasi ya kaki katikati ya vipande viwili vya kioo, ili joto la Migori lisizipinde. Vioo vilikuwa ndani ya sanduku, na juu ya sanduku kulikuwa na rundo la transfoma zilizoungua ambazo hakuna mwizi angezigusa. Mara moja kwa mwaka, fundi alifunga mlango wa duka, akazitoa, akazifuta kwa pamba na maji safi akifuata mistari yake, akazirudisha. Hakuzicheza hata siku moja. Alikuwa ameahidi hatazicheza, na hilo alilishika. Alijiambia kwamba kuweka si kucheza, na kwa miaka kumi na tisa hoja hiyo ilimtosha akalala usingizi.

Sasa, kwa nini mtu mzima, mwenye mke na binti, Emmah, aliye sekondari, alidanganye kanisa zima kwa sababu ya plastiki mbili nyeusi? Ngoja nikurudishe nyuma.

Mwaka wa sabini na tano Gichana alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, ameshuka kutoka Kisii kutafuta riziki, na aliajiriwa Homa Bay kwenye duka la marehemu Noordin, aliyeuza vitambaa, redio na santuri. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kuchezesha santuri ili wapita njia waingie. Noordin alimfundisha kushika santuri kwa ukingo, viganja tu, vidole vikae mbali. "Ukiacha alama ya kidole hapo," mzee wa watu alikuwa akimwambia, "umeiba muziki wa mtu." Gichana alilishika somo hilo kama sala.

Kila Jumatano alikwenda Rangwe sokoni na baiskeli ya duka, kuwapelekea watu redio alizowatengenezea. Hapo sokoni kulikuwa na msichana wa Kikisii kama yeye, ambaye babake alihamia na biashara ya ndizi. Jina lake Orpah. Orpah hakupunguza bei. Ungemwomba, ungemchekesha, ungemwambia una watoto kumi, angekutazama tu na kukurudishia ndizi kwenye mkungu. Chifu mwenyewe alijaribu siku moja akaondoka mikono mitupu, soko zima likimcheka. Gichana alinunua ndizi nyingi mwaka ule kuliko tumbo lake lilivyoweza kubeba, na kila Jumatano alirudi Homa Bay bila kusema neno alilokwenda kusema. Msichana alikuwa mtoto wa Sabato halisi. Hakutaka hata kusikia mambo ya dansi.

Siku ya pili ya Krismasi, Thunder walipiga ukumbini Homa Bay kuanzia saa nane mchana, na watu wa studio kutoka Nairobi walikuja na mashine zao kurekodi. Hao vijana wa Thunder, wacha tu. Ogweno, mpiga gitaa wao, alikuwa ameichana spika yake kwa wembe ili gitaa lingurume. Walipiga roki ya wazungu, lakini vidole vya Ogweno vilikuwa vimelelewa na nyatiti, kile kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, kwa hivyo ilikuwa roki inayochezeka kwa mabega. Wimbo wao wa mwisho ulichukua dakika kumi na tisa, ukajaza upande mzima wa santuri, ule upande wa nne.

Katikati ya wimbo huo watu walianza pakruok. Huku kwetu ni jambo la kawaida: mtu anapanda mbele, anaweka sarafu yake, bendi inanyamaza, naye anajisifu, au anamsifu ampendaye, kwa maneno mazito ya Kijaluo, kisha anaamuru muziki uendelee. Wakapanda wafanyabiashara wa samaki, akapanda mwalimu mmoja, akapanda dereva. Halafu, bila mtu kumtuma, akapanda kibarua wa Noordin, Mkisii wa watu, Kijaluo chake cha kubahatisha. Akaweka sarafu na kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya jukwaani pale. Akapiga pakruok kwa Kiswahili. Na mashine za Nairobi zikainasa yote, pamoja na jina la Orpah.

Ukumbi ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Lakini walishangilia pia. Kwa miezi kadhaa vijana wa Rangwe walikuwa wakimwona Orpah akipita na kapu lake wanapiga kelele, "Asego imeinama!" Yeye aliwaona walevi tu, akawasonya.

Santuri ilipotoka mwaka wa sabini na saba, ilichapishwa chache mno, na Gichana alinunua ile ya kwanza kutoka kwenye katoni. Kufikia hapo alikuwa amepata ujasiri wa kwenda kwa baba yake Orpah. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Alisema binti yake hataolewa na mtu wa dansi. Abatizwe, na siku ya kubatizwa aichome hiyo santuri ambayo nchi nzima inajua anayo. Basi unaona alivyobanwa? Kumpata Orpah ilibidi achome jina la Orpah. Kijana wa watu alikaa siku tatu hali, halafu akakumbuka zile santuri za Kiingereza.

Na Orpah, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa moto ule, alimwambia baada ya harusi, "Nilikuwa bado nasitasita, Gichana. Lakini siku ulipolitupa lile jalada, nikasema huyu ndiye." Utamwambiaje mke wa namna hiyo ukweli? Mwaka wa kwanza haikuwezekana. Wa pili ilikuwa vigumu zaidi. Kufika wa kumi, uongo ulikuwa umeshakuwa samani ya nyumba.

Hayo yote yangelala salama chini ya transfoma, kama si Mubarak.

Mubarak ni mwana wa Noordin. Duka la baba yake lilihamia Migori miaka ya themanini, na alipolirithi aliliacha kama lilivyokuwa, mpaka gramafoni ya baba ndani ya kabati la kioo. Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na saba aliingia kwa Gichana na barua mkononi, anahema.

"Mzee Gichana, shikamoo. Kuna watu ng'ambo wanataka kuchapisha Moto wa Asego upya."

"Marahaba. Kwa kaseti?"

"Kwa santuri! Zile zile kubwa, mbili, jalada moja."

Gichana alicheka. Nani anachapisha santuri siku hizi, na sindano ya gramafoni hata Kisumu huipati? Lakini Mubarak hakuwa anacheka. Hao watu walikuwa wamekutana na nakala moja kwenye soko la vitu kuukuu huko kwao, na nyuma ya jalada kulikuwa na muhuri wa duka la Noordin, ndiyo maana wakamwandikia. Santuri ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa imepasuka. Kanda za studio zilikuwa zimefutwa zamani, zikarekodiwa matangazo ya sabuni juu yake. Ogweno alikufa mwaka wa themanini na nane na gitaa lake likauzwa kulipia hospitali.

"Baba alikuwa akisema wewe ndiye ulinunua ya kwanza," Mubarak alisema.

"Nilichoma. Uliza kanisani, watakueleza."

"Nimeuliza. Wamenieleza mpaka wakalia." Kijana alikunja barua yake. "Basi hakuna namna. Watatoa santuri moja tu. Upande wa tatu na wa nne, hiyo imepotea."

Gichana alikuwa ameshika bisibisi. Akaiweka chini. Sikiliza, mtu huyu alikuwa amevumilia mengi. Alivumilia kutousikia muziki alioupenda miaka kumi na tisa. Alivumilia kuitwa mbele kila Agosti kusema uongo kwa sauti ya kilio. Lakini mtu kumwambia kwamba Moto wa Asego utazunguka dunia ukiwa nusu, bila ule upande wa nne, hapo alihisi kutukanwa yeye, na Ogweno kaburini, na Homa Bay yote.

"Moto wa Asego hauna upande wa nne?" alisema. "Huo ni moto gani? Funga mlango."

Akaziondoa zile transfoma moja moja. Alipofungua kioo na kuinua santuri kwa viganja viwili, ikameta kwa mwanga wa dirishani bila mkwaruzo hata mmoja, Mubarak alivua kofia yake. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona kitu cha miaka ishirini kikiwa kipya vile. Gichana akavimba kifua, kusema kweli. Mara ya kwanza tangu sabini na nane mtu mwingine aliona kazi yake.

Zilipelekwa ng'ambo kwa mkono, na ndugu yake Mubarak aliyekuwa akisafiri, ndani ya vioo vyake vile vile. Baada ya mwezi ikaja barua nyingine. Watu wa kule walistaajabu. Waliuliza, hii nakala ni ya nani? Tuandike nini kwenye jalada?

Hapo ndipo fundi wetu alipofanya kosa. Mtu mwenye akili angesema, andikeni tu kwamba ilipatikana Kenya. Gichana alilitafakari juma zima. Alijiambia Ulaya ni mbali. Alijiambia nani wa Migori atanunua santuri mwaka wa tisini na saba. Lakini ukweli hasa ni kwamba alilitaka jina lake pale, pamoja na Thunder, alilitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Akamwambia Mubarak, "Waandike: Gichana Masese, Suna, Migori. Na waandike kwa herufi zinazosomeka."

Nao waliandika. Herufi zilisomeka, na picha yake wakaweka, ile aliyopigwa na Mubarak mbele ya duka, mikono imekunjwa, tabasamu hadi masikioni.

Santuri zikafika mwezi wa tisa, katoni nzima. Na Mubarak, kwa furaha yake na bila nia mbaya, aliliweka jalada moja wazi kwenye dirisha la duka lake, barabara kuu, upande wa nyuma ukitazama nje. Siku ya soko.

Unajua Migori. Saa nne asubuhi mtu mmoja alisimama akasoma. Saa tano walikuwa kumi. Saa sita Mzee Mosoti, aliyekuwa amekuja mjini kununua dawa ya kuku, aliona kundi, akaingiza shingo yake kati ya mabega ya watu, akakutana uso kwa uso na Ndugu Gichana akicheka ndani ya kioo.

Kuna jambo nililosahau kukuambia: Sabato ya juma lililofuata, Gichana alikuwa awekewe mikono awe mzee wa kanisa. Suti ilikuwa imeshashonwa. Emmah alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Na aliyempendekeza, akamtetea kwa sababu ya ule ushuhuda, alikuwa huyo huyo Mosoti.

Lakini si hilo lililomtia Gichana baridi alipopata habari. Uzee wa kanisa ungekuja siku nyingine au usije. Alifunga duka akakimbia nyumbani, ili Orpah asikie kutoka kwake, na alikuta Orpah ameshasikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Mama Emmah."

Ganda likaanguka.

"Mama Emmah, nisikilize, kuna sababu."

"Ule moto ulikuwa nini, basi?" Orpah aliuliza, sauti ya chini kabisa. "Mimi nilimkubali mtu aliyetupa kitu motoni. Miaka kumi na tisa najivunia huyo mtu. Sasa niambie, niliolewa na nani?"

Gichana angesemaje, kwamba jina lako limo ndani? Ingesikika kama uongo mwingine, tena wa kujipendekeza. Orpah aliinuka na sufuria yake, akamwachia jikoni. Kwa siku nne chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yalipashwa moto, na neno halikutoka. Heri angemtukana. Gichana alikonda mpaka mkanda ukapata tundu jipya.

Jumapili baraza la kanisa lilikaa. Mchungaji, Mosoti, watu wengine wanne, na Orpah mwenyewe, kwa sababu alikuwa shemasi na hakukubali kukaa nyumbani. Mosoti aliliweka jalada mezani kama mzoga.

"Ndugu Gichana. Ulichoma au hukuchoma?"

"Nilichoma jalada," Gichana alisema. Alikuwa amesimama wima. "Santuri nilibadilisha. Mliyoyasikia ni uongo, yote ya zile santuri kulia. Yaani, zililia, lakini zilikuwa za Kiingereza."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mosoti hakucheka. Alikuwa ameumia kweli, na nadhani alikuwa na haki. "Nimekuita mbele kila mwaka," alisema. "Nimewaambia watu, tazameni mfano huu. Kwa nini, ndugu yangu? Ulikuwa unazicheza kwa siri?"

"Hata mara moja. Sijasikia sauti yake tangu siku ile."

"Basi ulikuwa unaziwekea nini?"

Gichana alimtazama mke wake. Orpah alikuwa anatazama dirisha.

"Kuna jina ndani," alisema. "Jina la mtu, na mahali pengine halipo. Sikuweza kulichoma. Mkiniuliza kama leo nitaweza, nitawaambia bado siwezi. Uzee wa kanisa ninyang'anyeni, ni haki yenu. Sabato nitasimama niwaombe watu wote msamaha kwa ule uongo. Lakini kwa kuziweka, hapana, kwa hilo siombi msamaha. Ninajivunia. Mkitaka andikeni hivyo."

Mchungaji akauliza ni jina la nani. Gichana akatikisa kichwa. Alisema hatalitaja mpaka mwenye jina alisikie mwenyewe jinsi lilivyosemwa.

Hapo palizuka mabishano, na kwa kukufupishia, Mchungaji aliamua. Gichana hatawekewa mikono. Akae mwaka mmoja kwanza. Lakini baraza haliwezi kufunga shauri la kitu lisichokisikia. Kwa hivyo alasiri ile ile watu wanane, wamevaa nguo za ibada, waliongozana barabarani hadi duka la Mubarak, Orpah nyuma kabisa, mkoba kwapani. Mubarak akashusha mlango nusu. Akaitoa gramafoni ya baba yake kabatini, sindano yake ya zamani bado ipo. Gichana akaiweka santuri mpya mwenyewe, kwa viganja.

"Upande wa nne," alisema.

Gitaa la Ogweno likanguruma ndani ya duka la vitambaa. Gichana alifumba macho. Miaka kumi na tisa, jamani. Kila nota ilikuwa pale alipoiacha. Wazee walikaa wima juu ya majora ya vitambaa, nyuso zimekazwa. Wafanyabiashara wa samaki wakapita na sifa zao, mwalimu akapita, dereva akapita. Halafu bendi ikanyamaza tena, ikasikika sarafu ikianguka, na sauti nyembamba ya kijana, haraka haraka kwa woga:

"Simamisheni hapo! Mimi ni Gichana, mtoto wa Masese, mwenye mikono inayofufua redio zilizokufa. Sina ng'ombe. Sina baiskeli, hii ni ya duka. Kijaluo chenu kimenishinda. Lakini macho ninayo! Na macho yangu yamemwona Orpah, binti wa Rangwe, anayeuza ndizi na hapunguzi bei hata kwa chifu! Orpah, ambaye mvua inangoja kwanza afike nyumbani! Siku nitakayomwoa, mlima wa Asego utainama! Haya, pigeni!"

Kicheko cha ukumbi mzima, vigelegele, na gitaa likaingia tena.

"Mubarak mwanangu," Orpah alisema, "simamisha hiyo."

Sindano ikainuliwa. Gichana hakuthubutu kugeuka. Alijua sauti ile. Ilikuwa ya kurudisha ndizi kwenye mkungu. Alisikia viatu vya mke wake vikija mbele, vikampita, vikasimama penye gramafoni. Alisikia mkoba ukifunguliwa.

Orpah akatoa sarafu. Akaiweka juu ya kaunta, karibu na santuri, ikalia.

Mtu aliyekulia Rangwe hahitaji kufundishwa jambo hilo, awe wa Sabato, awe wa nini. Akakiweka sawa kitambaa cha kichwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi lakini kidevu kilikuwa juu.

"Mimi ni Orpah," alisema, na sauti ilitoka mpaka barabarani, "binti wa Rangwe, mama ya Emmah, shemasi wa kanisa. Bei yangu sijawahi kuipunguza! Alikuja kwa baba yangu fundi mmoja, hana ng'ombe, hana baiskeli. Alikuja na uongo mkubwa kuliko ghala la mahindi. Amelidanganya kanisa miaka kumi na tisa, amewaliza kina mama bure, na kwa hilo Sabato atapiga magoti na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake nihakikishe. Lakini aliambiwa achome jina langu, akakataa! Alilifunika kwa kioo, akalifuta kwa pamba, halina mkwaruzo! Mwanamke wa Migori aliye na mume wa namna hiyo, ajitokeze hapa nimwone."

Akangoja. Hakujitokeza mtu. Mosoti alikuwa anatazama viatu vyake.

"Asego imeinama," Orpah alisema. Akamgeukia Mubarak. "Haya, pigeni."

Mubarak akaishusha sindano, na gitaa la Ogweno likaendelea.